Herufi mbili zinazomwita Theodora darasani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Theodora Ngollo yuko juu ya ngazi mbele ya duka la pembejeo, mtaa wa Mtendeni, Tabora mjini. Uzi aliopaka unga wa chaki umevutwa kutoka kona moja ya ukuta hadi nyingine. Anaushika katikati kwa vidole viwili, anauvuta kidogo, anauachia. Mstari mweupe unabaki ukutani, umenyooka kuliko tabia za watu wengi.

Anachovya brashi, anaipangusa kwenye ukingo wa kopo, halafu anafanya jambo linalowashangaza wapita njia. Kabla brashi haijagusa ukuta, analitamka neno kwa kunong'ona. "Pe-mbe-je-o." Akisharidhika ndipo anaandika.

Neno linalofuata ni "bora". Hapo anatulia. Analirudia mara tatu, midomo ikicheza kama ya mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

"Bora. Bora. Bora. Haya, hii ni ile inayoruka," anajiambia, kisha anaiandika herufi yake kwa mkupuo mmoja.

Mwenye duka, aliyekuja kufungua milango, anamcheka kutoka chini. "Dada Theo, hapo unaandika au unasali?"

"Vyote viwili," anajibu bila kugeuka.

Huyu ndiye mchora mabango wa mitaa ya Ng'ambo, hapahapa Tabora. Kwa miaka kumi na tisa ameandika majina ya maduka, saluni, mashine za kusaga na migahawa kuanzia Kitete hadi vijiji vya mbali kwenye barabara ya kwenda Urambo. Ukizunguka Tabora siku nzima bila kusoma hata neno moja la mkono wake, basi ulikuwa umefumba macho.

Lakini ndani ya mkoba wake wa brashi kuna barua ambayo ameikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Inamwambia amechaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu cha serikali, kozi ya stashahada, miaka mitatu. Siku tunayokutana naye, zimebaki siku kumi na moja kabla ya kuripoti. Asipofika, nafasi inapewa mwingine.

Theodora ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Akianza sasa, atamaliza akiwa na arobaini na minne, na atakuwa na mwaka mmoja tu wa kutafuta ajira kabla ya kufikisha arobaini na mitano, umri ambao serikali haimwajiri tena mtu mpya. Akisubiri hadi mwakani, atahitimu siku ambayo mlango umeshafungwa.

"Watu wananiambia nijipange, niende mwakani," anasema akishuka ngazi. "Mwakani yao ipo. Mimi sina mwakani."

Hata hivyo, siku hiyo bado hajaamua. Ukimuuliza kinachomzuia, hataji ada, maana ya mwaka wa kwanza ameshaiweka pembeni. Hataji watoto wake wawili pia, kwa kuwa mumewe Anselm, fundi pikipiki wa mtaa huohuo, amekwisha kusema kwamba ugali anajua kuusonga. Anataja herufi mbili: l na r.

Alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa tumbaku wilayani Uyui, familia ya Wakristo wa Kanisa la Moravian ambako nyumbani walizungumza Kinyamwezi tu. Kiswahili alikikuta shuleni. Na kwa Mnyamwezi wa kijijini aliyekulia kwenye lugha ya bibi yake, r ni mgeni anayechelewa sana kuzoeleka. Ulimi unaona kazi yake yote inaweza kufanywa na l.

Akiwa darasa la tatu, alisimamishwa asome sentensi moja kitabuni: Rehema anarudi barabarani. Akasoma kwa sauti na kwa fahari ya mtoto anayejua kusoma: Lehema analudi balabalani.

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia vilevile. Akaambiwa arudie tena, na tena, hadi kengele ya kipindi ilipolia.

"Unajua kilichoniuma ni nini? Siyo kuchekwa," anasema, na hapa sauti yake inapungua. "Nilikuwa namsikiliza mwalimu, halafu najisikiliza mimi, naona tunasema kitu kilekile. Sikusikia tofauti. Nikajiona kama kiziwi. Na hakuna aliyenionyesha tofauti iko wapi, waliniambia tu nirudie."

Tangu siku ile hadi anamaliza kidato cha nne, anasema, hakuwahi kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Majibu alikuwa nayo. Alipata daraja la tatu, cheti ambacho hadi leo amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Lakini sauti yake walimu hawakuijua.

Alikuja mjini kwa shangazi yake Kitete, akawa anatumwa dukani Ng'ambo. Huko ndiko alikomkuta Fundi Rashidi akiandika jina la kinyozi kwenye mlango wa mbao. Alisimama kumwangalia mpaka shangazi akamfuata kwa hasira akidhani amepotea.

Fundi Rashidi, sasa ana miaka sabini na sita, ni wa ukoo wa siku nyingi mjini hapa. Hupenda kusimulia kwamba babu wa babu yake ndiye aliyekuwa akiandika alama kwenye mizigo ya misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji. Kama ni kweli au ni mbwembwe za fundi, hakuna wa kumpinga.

"Alikuja mwenyewe, hakuletwa na mzazi wala nani," anasema mzee huyo. "Nikamwambia, mwanangu, usiniangalie mkono, iangalie herufi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ananipita. Nilinuna siku mbili, halafu nikashukuru Mungu."

Kwenye mabango Theodora alipata amani. Herufi hazikumcheka. Lakini l na r walimfuata hadi juu ya ngazi.

Miaka minane iliyopita alipewa kazi na mwenye nyumba moja ya kulala wageni. Kibao kilitakiwa kisomeke "Mahali pa kuegesha magari". Theodora alijijua kwamba huwa anaweka l pasipo pake. Kwa hiyo, alipoiona l kwenye neno mahali, alishtuka. Akadhani ulimi wake umemponza tena. Akairekebisha.

Kufikia saa sita mchana, mji mzima ulikuwa umeona picha ya kibao hicho kwenye simu. Kiliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu zenye kivuli cheusi, nzuri kupita maelezo: MAHARI PA KUEGESHA MAGARI.

Wenye Kiswahili chao hawakumwachia. Vijana wa bodaboda walimsimamisha njiani kumuuliza gari aina ya Noah linaolewa kwa ng'ombe wangapi. Mwingine akataka kujua kama lori la mizigo nalo hutolewa mahari, au huchukuliwa bure kwa kuwa ni zee. Theodora alikifuta kibao na kukiandika upya bila malipo. Siku tatu zilizofuata hakutoka nyumbani.

"Nililia," anasema wazi. "Halafu nikachoka kulia. Nikanunua daftari."

Daftari hilo bado lipo, jalada limejaa madoa ya rangi. Kila ukurasa una maneno mawili na picha mbili. Kalamu, na kalamu imechorwa. Karamu, na sinia la pilau limezungukwa na mikono. Fahali, ng'ombe dume mwenye nundu. Fahari, mwanamke aliyevaa akavaa tena. Kula, kura. Mbali, mbari. Mahali na mahari wana ukurasa wao, na chini yake ameandika tarehe ya siku ile.

Ni katika kuchora picha hizo, anasema, ndipo alipogundua alichokuwa akitafuta tangu darasa la tatu. Alikuwa akiandika l na r mfululizo, ukurasa mzima, akizitamka. Brashi ya l inashuka mara moja na kutulia. Brashi ya r inashuka, halafu inarudi juu na kutoa kamkono. Akajaribu kuufanya ulimi ufuate brashi. Kwa l, ulimi ukasimama. Kwa r, ukaruka.

"Nilikuwa peke yangu kibandani. Nikasema 'barabara'. Nikasema tena. Nikatoka nje nikamwambia muuza mkaa, 'Barabara!' Akanijibu, 'Iko hapo mbele yako, dada.'" Anacheka hadi anashika mbavu.

Kazi yenyewe imeanza kumkimbia. Mabango ya kuchapishwa kwa mashine yamejaa mjini, mteja anaagiza asubuhi na jioni amelitundika. Zamani Theodora aliandika mabango ishirini na tano kwa mwezi. Siku hizi saba yakipatikana ni sherehe, na mwezi mzuri unamwachia kama shilingi laki mbili na nusu. Lakini hakuwa na wazo la kuacha hadi miezi michache iliyopita, alipoitwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya serikali pembezoni mwa mji.

Mwalimu Mwanajuma, mzaliwa wa Ng'ambo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi uwanjani, alitaka kuta za darasa la kwanza zipakwe rangi na kuchorwa herufi, namba na picha. Darasa lina watoto mia moja na kumi na wawili. Walimu wake ni wawili, na mmoja alikuwa likizo ya uzazi.

Siku ya tatu ya kazi, mwalimu aliyebaki aliitwa kushika darasa jingine kwa dakika chache. Theodora akabaki juu ya ngazi na watoto chini yake, akimalizia sinia la pilau pembeni ya neno karamu.

"Mwalimu!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Hii tunaandikia, ile tunakula!"

"Niligeuka nyuma kumtafuta mwalimu," anasema Theodora. "Kumbe ni mimi."

Nyuma kabisa alikaa msichana wa miaka saba anayeitwa Mhoja. Tangu shule zifunguliwe Januari alikuwa hajasema neno darasani, na wenzake walishamzoea hivyo. Lakini Theodora alikuwa amemsikia wakati wa mapumziko akiongea na mdogo wake kwa Kinyamwezi, maneno yakimiminika. Akashuka, akaketi karibu naye na kumsalimia: "Mwangaluka." Mtoto alimtazama kama aliyekutana na shangazi yake sokoni.

Theodora akachukua brashi kavu, akamchorea l kiganjani. "Huyu kasimama," akamwambia. "Ulimi wako nao usimame." Kisha akachora r. "Huyu ana kamkono, hatulii. Ulimi nao uruke." Mhoja akajaribu. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, na mara ya nne ikatoka yenyewe, ndefu, mtoto mwenyewe akashtuka.

Wenzake nao wakataka kuchorewa viganja. Mwalimu Mwanajuma aliposikia ngurumo akiwa ofisini alidhani darasa limepigana.

"Nikaingia mbio na fimbo yangu mkononi," anasimulia. "Nikakuta watoto zaidi ya mia wamegeuka bodaboda. Rrrr! Kila mmoja amenyoosha kiganja. Na huyu dada yuko katikati, rangi imemrukia hadi puani. Nikamwambia, 'Mimi nimekuita unichoree ukuta, wewe unanifundishia darasa?' Akaanza kuniomba radhi. Radhi ya nini? Nikamwambia fundi na kufundisha vimetoka tumbo moja. Nenda kasome."

Theodora alicheka. Usiku huo hakucheka tena, alikishusha cheti chake juu ya kabati. Maombi aliyatuma kimyakimya, Anselm peke yake akijua. Majibu yalipotoka, Ng'ambo nzima ikajua.

Fundi Rashidi hakuficha alivyoumia. "Walimu wanaomaliza vyuo na kukaa nyumbani bila ajira ni wengi, nawaona," alimwambia mwandishi wa makala haya. "Mwenye mkono wa herufi Tabora hii amebaki mmoja. Sasa huyo mmoja naye akashike chaki? Haya."

Maneno hayo yalimchoma Theodora, lakini siyo yaliyokuwa yanamzuia. Hofu yake ilikuwa nyingine.

"Kusoma siogopi. Watoto siwaogopi," alisema siku ile Mtendeni, akiosha brashi zake. "Naogopa watu wazima. Nikiwa na wasiwasi, ulimi unarudi kijijini. Nitasimama mbele ya wazazi niteleze, mzazi aseme, huyu ndiye anamfundisha mwanangu? Nilishachekwa nikiwa na miaka tisa. Nikichekwa na arobaini na moja, sidhani kama nitainuka."

Mwalimu Mwanajuma alikuwa na dawa yake, na haikuwa tamu. Alimwalika kufundisha kipindi kimoja siku ya wazazi, Alhamisi ya wiki iliyopita, mbele ya afisa elimu kata. Ukiweza pale, alimwambia, chuo ni mteremko.

Alhamisi inafika. Wazazi wamejaa nyuma ya darasa na madirishani. Anselm amesimama dirisha la pili, mikono ina grisi. Theodora amevaa kitenge kipya na chaki ameishika kama brashi, kwa vidole vitatu. Anavuta pumzi.

"Wazazi wangu, shikamooni."

"Marahaba!"

"Kalibuni sana."

Kisha kicheko kinaanzia madirishani, kinaingia ndani, watoto nao wanakidaka. Mwanamume mmoja wa makamo anasema, si kwa kunong'ona, "Huyo ndiye mwalimu?" Anselm anaangalia chini. Uso wa Theodora unabadilika, na kwa muda mfupi unaona kabisa kwamba anautazama mlango.

Halafu anawageuzia mgongo, anainua chaki na kuandika ubaoni kwa herufi zake zile zilizonyooka: kalibuni.

"Hivyo ndivyo nilivyosema," anasema akiwageukia watoto. Sauti inatetemeka lakini inasikika. "Kuna kosa hapo. Nani ameliona?"

Mikono michache inanyooka, kisha mingi. Nyuma kabisa kuna mmoja ambao haukuwahi kunyooka. Theodora anauona. "Mhoja, njoo."

Mhoja anapita kati ya madawati. Hafiki vizuri ubaoni, inabidi asimame kwa vidole. Anaifuta l kwa kiganja, anaandika r iliyolala kidogo, kisha anamgeukia Theodora.

"Mwalimu, hapo ulimi uruke."

"Uruke vipi? Nionyeshe."

"Rrrr."

"Rrrr," Theodora anamwiga. "Ka-ri-bu-ni."

"Karibuni!" darasa linajibu, watoto mia na ushee, na baadhi ya wazazi wanajikuta wamejibu nao. Kicheko kinarudi, lakini hiki ni kingine kabisa. Mama yake Mhoja, aliyetoka kijijini kwa miguu tangu alfajiri, anajifuta macho kwa upindo wa khanga. Hakuwa peke yake.

Baada ya kipindi, afisa elimu kata alimpa Theodora mkono. "Kosa kama lile mimi ningelimeza na kuendelea," alimwambia. "Wewe umeliandika ubaoni."

Yule mwanamume wa makamo naye alimfuata uwanjani. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliuliza tu kama mwanawe wa darasa la pili anaweza kuchorewa hizo herufi kiganjani, maana naye nyumbani anasema "lafiki".

Njiani kurudi Ng'ambo, Theodora alimwambia mumewe neno moja: "Naenda."

"Nilijua," Anselm alijibu. "Nilijua pale ulipoliandika. Mimi ningetoka mbio."

Sasa mipango imekamilika. Kibanda atakifungua wakati wa likizo tu, apate ya sabuni na nauli. Kuta za shule za serikali ataendelea kuzichora popote atakapoitwa. Na ajira ikipatikana, anajua anachoomba.

"Wanipeleke kijiji chochote, hata kile ambacho basi linafika mara moja kwa wiki. Ila wanipe darasa la kwanza, na liwe na watoto wanaoongea Kinyamwezi nyumbani. Wale wanaokaa nyuma. Nataka mtoto atamke vibaya, acheke mwenyewe, halafu anyooshe mkono tena."

Na umri ukimtupa nje?

"Nitaumia, sidanganyi. Lakini nitakuwa nimeshajua kufundisha. Watoto wa Ng'ambo nao si wana ndimi?"

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, Fundi Rashidi anaingia kibandani akisukuma baiskeli. Nyuma amefunga tranka jipya la bati, la bluu. Analishusha bila salamu na kuligeuza upande wa mbele. Hajashika brashi kwa miaka sita kwa sababu ya mkono unaotetemeka, na inaonekana: zile O zimebonyea, mstari wa chini umepanda kidogo kulia. Lakini kivuli chekundu kipo, kama enzi zake. MWL. THEODORA NGOLLO.

Theodora analisoma kimya, midomo ikicheza. Machozi yanamlengalenga.

"Fundi, mimi bado siyo mwalimu. Kwanza nina miaka mitatu ya chuo, na baada ya hapo hata sijui kama..."

"Nimetumia rangi ya mafuta," mzee anamkata. "Ya kufutika sikuiona dukani."

Theodora anainama, anaigusa ile MWL. kwa ncha ya kidole aone kama imekauka. Bado mbichi. Kidole kinatoka na doa jeusi, na kitambaa kiko palepale begani mwake, lakini hajifuti.